Mkazo na msongo: istilahi mbili kwa neno moja la Kiingereza

Mkazo (nm. mi-) ni nguvu ya ndani ya kitu kigumu inayokinza mzigo, ikipimwa kwa kila kipimo cha eneo. Msongo (nm. mi-), hasa msongo wa mawazo, ni hali ya mwili na akili ya mtu anayekabiliwa na madai yanayoelekea kuzidi uwezo wake. Kiingereza hutumia neno moja, *stress*, kwa dhana zote mbili. Kiswahili kimezitenga, na mfasiri anayezichanganya humpotosha msomaji, wakati mwingine kwa madhara.

Asili ya maneno

Mkazo umetokana na kitenzi *kaza*, yaani kutia nguvu ili kitu kisilegee: hukazwa kamba, nati, mwendo, hata moyo. Katika isimu, mkazo ni nguvu ya sauti inayowekwa juu ya silabi, ambayo kwa Kiswahili aghalabu ni ya pili kutoka mwisho. *Barabara* yenye mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia. Mkazo ukihamia silabi ya pili, maana huwa "sawasawa, bila kasoro".

Msongo umetokana na *songa*, yaani kubana au kusukumana penye nafasi finyu. Ndicho kitenzi kitumikacho pia kwa ugali unaokorogwa hadi ushikamane. Jamaa zake ni *msongamano* na *kusongwa*. Asemaye "nimesongwa na mawazo" hudokeza kwamba mawazo yamemzunguka na kumbana. Taswira hiyo ilikuwa katika lugha kabla wanasaikolojia hawajahitaji istilahi.

Katika uhandisi mitambo

Tuchukue lori lenye shehena linalotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma. Limepanda Kitonga, limepita Iringa, Mafinga na Makambako, na sasa linaingia Igawa, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016 inaruhusu uzito wa jumla usiozidi tani 56, na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi mawili kila upande. Tani hizo ni *mzigo*. Mzigo hutoka nje ya chuma na hupimwa kwenye mizani. Mkazo umo ndani ya chuma chenyewe, na mizani haiuoni.

Hesabu fupi huonyesha tofauti. Tani 10 zikining'inizwa kwenye fimbo ya chuma, huivuta kwa kani ya takriban nyutoni 100,000. Ikiwa eneo la mkato wa fimbo ni sentimita za mraba 10, mkazo ni takriban megapaskali 100. Eneo likipunguzwa hadi sentimita za mraba 4, mkazo hufikia megapaskali 250, kiwango ambacho chuma cha kawaida cha ujenzi huanza kunyooka bila kurudi katika urefu wake wa awali. Mzigo ni uleule. Kilichobadilika ni kilichoubeba.

Kwa hiyo mhandisi hutenganisha mambo matatu: *mzigo* unaotoka nje, *mkazo* ulio ndani, na *mgeuko*, yaani badiliko la umbo linaloufuata. Robert Hooke alitangaza mwaka 1678 kwamba chemchemi hunyooka kwa kadiri inavyovutwa. Augustin-Louis Cauchy, katika miaka ya 1820, aliipa dhana ya mkazo sura yake ya kihisabati. Mkazo huwa wa mvuto, wa mgandamizo, au wa mkato, ambapo sehemu mbili za kitu huelekea kuteleza pande zilizo kinyume kama makali ya mkasi.

Katika saikolojia

Sasa tumtazame dereva wa lori hilohilo: usiku hakulala, tajiri anapiga simu kuuliza amefika wapi, na foleni ya mpakani inamngoja. Shehena iliyozaa mkazo ndani ya ekseli imezaa msongo ndani ya mtu.

Matumizi haya yalienezwa na Hans Selye. Mwaka 1936, akiwa Montreal, alichapisha katika jarida la *Nature* makala fupi kuhusu panya waliopatwa na madhara ya namna mbalimbali huku miili yao ikionyesha mabadiliko yanayofanana. Alieleza hatua tatu: tahadhari, ukinzani, na kuishiwa nguvu. Baadaye aliiita hali hiyo kwa neno la wahandisi, na mwishowe alikiri kwamba, kwa kutokijua Kiingereza vya kutosha, alichukua neno la mkazo mahali palipostahili neno la mgeuko. Utata huo haujaisha: katika maandishi ya Kiingereza neno hilo hutaja mara kisababishi, mara hali yenyewe, mara matokeo yake.

Richard Lazarus na Susan Folkman, katika kitabu chao cha mwaka 1984, walisisitiza tathmini: msongo hutegemea jinsi mtu anavyolipima dai na uwezo alio nao wa kulikabili. Hapa mfano wa fimbo unasaidia, kwa kuwa mzigo mmoja hauwi sawa kwa wabebaji wawili. Lakini mfano huo una mpaka. Chuma hakitathmini wala hakiombi msaada. Wahandisi nao wameazima *uchovu* kutoka kwa binadamu ili kutaja nyufa zinazoletwa na mizigo midogo inayorudiwarudiwa, ilhali ufa wa ekseli hauponi kwa kulazwa lori. Dereva akipumzika na kusikilizwa, anaweza kurejea katika hali yake.

Maneno jirani yasiyo visawe

*Shinikizo* ni msukumo wa kutoka nje, wa kimwili au wa kijamii. Katika afya, *shinikizo la damu* ni ugonjwa, na watu wengi huuita *presha*. Kijitabu cha afya kikiandika "shinikizo" kwa maana ya msongo, msomaji ataenda kupimwa damu, na vipimo vikiwa vizuri atarudi nyumbani bila kuulizwa habari za usingizi wake.

*Kanieneo* ni istilahi ya fizikia kwa kani inayosukuma uso wa kitu, kama hewa ndani ya tairi. Hupimwa kwa paskali kama mkazo, lakini si mkazo.

*Sonona* ni ugonjwa wa akili unaotambuliwa na mtaalamu. Msongo wa muda mrefu unaweza kuchangia kuuleta, lakini si kila mwenye msongo ana sonona.

*Stresi* ni neno la mazungumzo. Linafaa katika kunukuu usemi wa watu, si katika maandishi rasmi.

*Msongo* katika umeme ni kitu kingine. Mradi wa TAZA, wa njia ya kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, hutajwa kuwa wa "msongo wa kilovolti 400". Kwa sababu hiyo, katika matini yenye mada zote mbili, andika "msongo wa mawazo" kwa ukamilifu.

Mifano ya matumizi

- Mkazo ndani ya boriti ulizidi kiwango, ikapinda.
- Madereva wa safari ndefu hukabiliwa na msongo wa mawazo.
- Bungeni kulikuwa na shinikizo la kumtaka waziri ajiuzulu. (*Si* "mkazo wa kumtaka".)
- Mwalimu alitilia mkazo usomaji wa ramani. (*Si* "alitilia msongo".)

Kwa mfasiri

Kabla ya kuchagua neno, jiulize: kinachotajwa kiko nje, kiko ndani, au ni matokeo? Katika uhandisi majibu ni mzigo, mkazo, mgeuko. Katika saikolojia ni chanzo cha msongo, msongo, athari za msongo. Matini ya Kiingereza isipobainisha, muktadha uamue. Tafsiri ya Kiswahili isiuache utata uliokwisha kutatuliwa na lugha yenyewe.