Somo la Pembe Ndogo

Katika karne ya 19, mtoto wa Kinyamwezi hakusubiri kuota ndevu ndipo aijue biashara. Bega lake lilizoeshwa mapema kwa pembe ndogo ya ndovu, na kufika pwani na kurudi kukawa heshima ya mwanamume. Usoke, magharibi ya Tabora, ni nchi ya wapagazi hao. Leo inapitiwa na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914.

Misafara ikiwa bado njiani, mwaka 1866 Ufini ilitunga sheria ya shule za msingi. Mchungaji Uno Cygnaeus, mkuu wa kwanza wa chuo cha walimu cha Jyväskylä kilichofunguliwa 1863, alisimamia kazi za mikono ziwe somo kamili. Somo hilo lina karakana, zana na mwalimu aliyelisomea, na mpaka sasa husomwa na wavulana na wasichana.

Machi 1967, Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na kufundisha St. Mary's palepale, alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule zilime na wanafunzi washiriki katika maamuzi. Wakati huo Ufini, pamoja na Sweden, Norway na Denmark, ilikuwa imeshirikiana nasi kujenga kituo cha Kibaha: shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima mahali pamoja.

Lakini katika shule nyingi tulichukua jembe tukaacha daftari. Aliyechelewa namba alipelekwa shambani. Mavuno yakauzwa bila mwanafunzi kujua yalileta shilingi ngapi. Kazi ikawa adhabu, na adhabu haifundishi biashara.

Mitaala iliyoanza kutumika 2024 imeleta mkondo wa amali. Usoke ina darasa tayari. Mtoto wa mkulima wa tumbaku anaujua moshi wa bani la kuikaushia kabla hajajua kusoma. Siku ya malipo, mwalimu aombe karatasi ya mauzo, aiweke mezani: kilo ngapi, gredi ipi, mbolea ya mkopo imekatwa kiasi gani? Na kuni zilizokaushia tumbaku, mbona hazimo kwenye hesabu? Mwanafunzi akiuliza hilo, ujasiriamali umeanza.

Pembe ya mtoto wa msafara ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa pembe kweli, na mwisho wa safari iliuzwa.