Si Uchochezi wa Mwanga, ni Umeng'enyonuru

Nilikuwa stesheni ya Gulwe nikisubiri gari la kupanda Mpwapwa mjini, mkononi nina kijitabu cha kusafisha maji chenye maneno "uchochezi wa mwanga" juu ya jalada. Mzee mmoja wa Kigogo aliyeketi kando yangu aliyasoma polepole, akaniuliza: "Mwanangu, huyu mwanga kamchochea nani?" Hakuwa anatania. Mwanga kwa Kiswahili ni nuru, na ni mchawi atembeaye usiku vilevile. Uchochezi ni shtaka la mahakamani. Nilimwambia, "Babu, hawa waandishi wamekosea," na tangu siku ile sijatulia.

Jambo lenyewe mnalijua. Dioksidi ya titani ikipigwa na miali ya urujuanimno huzalisha haidroksili kali zinazotafuna rangi za nguo, dawa za wadudu na mafuta majini mpaka ibaki hewa ya ukaa, maji na chumvichumvi, nayo oksidi isipungue. Akira Fujishima na Kenichi Honda waliipa umaarufu mwaka 1972 walipoitumia, pamoja na nuru, kupasua maji yenyewe. Ninalolilia mimi ni jina.

Waliopitisha "uchochezi" waliegemea "kichocheo", jina la kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha. Lakini kuchochea, kwa asili yake, ni kusukuma kuni ndani ya mafiga moto uwake. Kuni hizo huisha, zikawa majivu. Je, hiyo ndiyo sura ya kitu kisichoisha? Mwanakemia Berzelius alipoliunda neno "katalisisi" mwaka 1835 hakwenda jikoni. Alichukua Kigiriki, *kata*, yaani chini, na *lyein*, kufungua au kulegeza. Kiini cha neno lake ni kufumua kilichofungwa. Waliopitisha "uchochezi" walitafsiri mazoea ya maabara, wakaliacha neno.

Kiswahili kina kitenzi kinachofanya kazi hiyohiyo: kumeng'enya, kuvunja kitu vipande vidogovidogo. Mimi nikilisikia neno hilo nasikia na "mega" ndani yake, mkono unavyomega tonge. Tayari tunalo "kimeng'enya". Tafuna ugali wa uwele bila kuumeza upesi, utaonja utamu ukijitokeza: kimeng'enya cha mate kinauvunja kuwa sukari, nacho kinabaki kizima. Basi kimeng'enya ni kitu kivunjacho bila kuisha, na mwenye kutaka maana zaidi ya hiyo aniambie anataka nini.

Kwa nuru sina shaka. Kila mtoto wa sekondari anajua usanisinuru, jani linavyojenga chakula kwa nuru. Umeng'enyonuru ni ndugu yake wa tumbo moja: ule unajenga, huu unavunja. Nimeambiwa, tena kwa sauti ya kunifundisha, kwamba kimeng'enya ni mali ya wanabiolojia. Lugha haina hatimiliki. Nimeambiwa pia kwamba nuru peke yake huweza kuvunja kemikali, hivyo msomaji atachanganyikiwa. Hiyo tuiite uvunjonuru, kwani hakuna kimeng'enya kinachohusika. Wanaotaka "fotokatalisisi" nawahurumia wanafunzi wao, watakaoikariri bila kuionja.

Matumizi, kwa ufupi: kimeng'enyanuru ni kitu, vimeng'enyanuru ni vingi, umeng'enyonuru ni tendo. "Maji ya mtia rangi yamemeng'enywa kwa nuru." "Kioo kimepakwa kimeng'enyanuru." Na kwa watu wa Gulwe, ambako mvua ni ya Desemba hadi Aprili na miezi mingine ni jua tupu, sentensi ya kuanzia ni hii: maji ya mto Kinyasungwe yachujwe tope kwanza, maana nuru isipopenya hakuna umeng'enyonuru.