Chembe mfano wa virusi

Chembe mfano wa virusi ni maganda madogo sana ya protini yanayofanana na virusi kwa umbo, lakini ndani yake hayana jeni, hivyo hayawezi kuzaliana wala kusababisha ugonjwa. Hutumika kutengeneza chanjo. Nchini Tanzania zimo katika chanjo ya homa ya ini aina ya B na ile ya HPV, yaani virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo za malaria zilizojaribiwa Bagamoyo zimejengwa kwa njia hiyohiyo.

## Jinsi zinavyofanya kazi

Protini ikidungwa mwilini peke yake, mara nyingi mfumo wa kinga huijali kidogo tu. Protini ileile ikipangwa kwa wingi juu ya uso wa chembe, mambo hubadilika: seli za kinga huishika mahali pengi kwa wakati mmoja, na kingamwili hutengenezwa kwa wingi. Ganda la HPV lina nakala 360 za protini moja, L1, ambazo hujipanga zenyewe. Upana wake ni takriban nanomita 55 (milimita moja ina nanomita milioni moja). Kwa udogo huo chembe husafiri kutoka msulini hadi kwenye tezi za limfu, ambako seli za kinga hukusanyika.

## Homa ya ini aina ya B

Chembe hizi zilionekana kwanza katika damu ya wagonjwa, kwa kuwa virusi vya homa ya ini B humwaga maganda matupu mengi kuliko virusi kamili. Chanjo ya mwaka 1981 ilichujwa kutoka damu hiyo. Tangu 1986 maganda hutengenezwa na hamira iliyopewa jeni ya protini inayohitajika. Tanzania huitoa ndani ya chanjo ya pamoja, katika wiki ya 6, 10 na 14. Kwa hiyo mtoto aliyekamilisha kliniki, awe wa Arusha mjini au wa vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, amekwisha kupata chembe hizi kabla ya kufikisha miezi minne.

## HPV

Saratani ya mlango wa kizazi inaongoza kati ya saratani za wanawake nchini. Mwaka 1991 Ian Frazer na Jian Zhou, huko Australia, walionyesha kwamba ganda la HPV linaweza kutengenezwa maabara. Chanjo ilijaribiwa kutolewa mkoani Kilimanjaro, jirani na Arusha, mwaka 2014, kisha nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Uvumi kwamba inazuia uzazi ulisambaa, ingawa ganda hilo ni tupu. Utafiti wa Mwanza ulioanza 2017, wenye wasichana 930, ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 97 ya waliopata dozi moja walikuwa na kingamwili miaka miwili baadaye. Tangu 2024 Tanzania hutoa dozi moja.

## Malaria

Katika chanjo za RTS,S na R21, kipande cha protini ya kimelea cha malaria kimeunganishwa na protini ya ganda la homa ya ini B. Katika RTS,S sehemu kubwa ya protini za ganda hazibebi kipande hicho. Katika R21 zote hukibeba. R21 ilijaribiwa kwa watoto 4,800 katika nchi nne, wakiwemo wa Bagamoyo na Kilifi. Katika maeneo yenye malaria mwaka mzima ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 68 katika mwaka wa kwanza. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2023. Arusha, iliyoko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ina malaria kidogo, lakini wakazi wake huambukizwa wanaposafiri nyanda za chini.

## Utunzaji

Chanjo hizi hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Baridi kali ni hatari kama joto: chanjo za homa ya ini B na HPV zikigandishwa huharibika, hata zikiyeyuka tena. Ndiyo maana barafu iliyotoka tu kwenye friza haiwekwi moja kwa moja kando ya chupa. Chupa inayoshukiwa hutikiswa pamoja na nyingine iliyogandishwa makusudi. Ikiwa mashapo ya zote mbili yanashuka kwa kasi ileile, hutupwa.