Karne ya Zahabu: Neno la Kupimwa

Katika vitabu vya historia tunavyosoma seminarini, maneno fulani yanarudi kila mara: karne ya zahabu, kuzaliwa upya, kilele. Tunayakariri kwa ajili ya mtihani, kisha tunayafundisha kwa wengine. Inafaa tuulize kwanza yanatoka wapi.

Neno la zahabu ni la zamani sana. Mgiriki Hesiodo alihesabu vizazi vitano vya watu, akaanza na kile cha zahabu, akaishia kwa kile cha chuma. Kwake zahabu ilikuwa mwanzoni, naye alisikitika kwa sababu alizaliwa wakati wa chuma. Waroma waligeuza neno lile. Vergilio alisema wakati wa zahabu utarudi, na baadaye alimpa Kaisari Augusto sifa ya kuurudisha. Basi neno la maombolezo likawa neno la kusifu watawala.

Wagiriki walikuwa na neno lingine, akme, maana yake ncha. Apolodoro wa Athene, alipokosa kujua mwaka wa kuzaliwa wa mtu mwenye sifa, alihesabu kwamba alifika kwenye ncha yake akiwa na miaka 40. Kwa Kilatini tunasema floruit, yaani alichanua. Ua huchanua, kisha hunyauka. Neno hili lina unyenyekevu.

Na kuzaliwa upya? Mwaka 1550 Vasari alilitumia neno hilo juu ya wachoraji na wachongaji wa Italia. Michelet katika mwaka 1855, na Burckhardt katika mwaka 1860, walilifanya kuwa jina la wakati mzima. Ni neno zuri. Nikodemo alilisikia kabla yao. Lakini mwenye kujisifu kwamba amezaliwa upya anasema pia kwamba waliomtangulia walikuwa wafu. Ndiyo sababu miaka karibu elfu moja iliitwa ya katikati, kana kwamba ni njia ya kupita tu. Kumbe ndiyo miaka ya kanisa kubwa la Chartres na ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274.

Sasa tutazame jambo linalotugusa sisi. Papa Leo wa X alitawala tangu 1513 hata 1521, na wengi waliita siku zake wakati wa zahabu, kwa ajili ya Rafaeli na wenzake. Mwaka 1518 Papa huyu alimchagua Henrike, mwana wa Mfalme Afonso wa Kongo, awe askofu. Tunafurahi, na ni haki yetu. Lakini mwaka 1526 Afonso huyo alimwandikia mfalme wa Wareno, akilalamika kwamba wachuuzi wanakamata watu wake, hata wana wa wakubwa na jamaa zake, na kuwauza. Wakati uleule ulikuwa zahabu huko na minyororo huku.

Hata katika nchi yetu wataalamu wametumia neno la namna hii. Mwaka 1957 na 1958 walichimba makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale. Waliona vyungu vizuri, mapambo ya shaba, kazi ya wafua chuma. Wakati ule wa karne ya 10 hata ya 13 hivi, wakauita Kisale ya klasiki. Sifa hiyo inawafaa wazee wale. Walakini waliozikwa bila kitu, wanawake waliofinyanga vyungu, watoto, nao waliishi wakati uleule.

Basi hatusemi maneno haya yatupwe. Tunasema mwalimu anayeyatumia aongeze maswali mawili: nani alilitoa jina hili, na nani alilipa gharama? Bwana wetu alizaliwa chini ya Augusto, katika wakati ulioitwa wa zahabu, na hapakuwa na nafasi kwa ajili yake katika nyumba ya wageni.