Men na Mimi: Kufanana Si Undugu

Mpenzi wa lugha akimsikia Mkazaki au Muuzbeki akijiita men, huenda akaikumbuka mimi yetu na kudhani amegundua undugu uliosahauliwa. Mimi siukubali undugu huo, na ushahidi wangu unatoka katika historia ya neno lenyewe.

Maandishi makongwe ya lugha za jamii ya Kituruki yalichongwa kwenye mawe huko Mongolia katika karne ya 8. Herufi zake zilifumbuliwa na Vilhelm Thomsen wa Denmark mwaka 1893. Katika mojawapo ya mawe hayo, mshauri wa wafalme aitwaye Tonyukuk anasimulia maisha yake, naye anajiita ben. Katika karne ya 11, mwanaleksikografia Mahmud al-Kashgari aliandika kwamba Waoghuz husema ben mahali ambapo Waturuki wengine husema men. Kituruki cha Uturuki, ambacho ni cha ukoo wa Oghuz, kinasema ben hadi leo. Kichuvashi cha bonde la mto Volga, kilichojitenga mapema na wenzake, kina epĕ, lakini “kwangu” ni mana.

Ukiyapanga haya, njia inaonekana: sauti ya kale ilikuwa b, nayo n iliyoifuata ikaivuta puani hata ikawa m. Basi m ya men ilizaliwa ndani ya lugha hizo zenyewe. Mimi yetu ni mi iliyorudiwa, ile ile mi ambayo mshairi huirudia mizani inapombana.

Hata katika kitenzi njia ni mbili. Sisi tunaitanguliza nafsi: ninajua. Waturuki wa kale waliiweka kiwakilishi baada ya kitenzi, bilir men, kisha kikachakaa na kuganda kuwa kiambishi tamati: bilirim.

Heshima nayo ilifanya kazi yake. Siz, yaani ninyi, ilipotumika kumstahi mtu mmoja, wingi ulihitaji alama mpya. Kikazaki kikaunda sizder kwa wanaoheshimiwa na sender kwa wenzi.

Kwa hiyo, tunapotafuta asili ya neno lolote, liwe letu au la wengine, tuliulize kwanza lilikuwaje zamani katika lugha yake. Silabi moja inayofanana haitoshi kuthibitisha nasaba.