Upevukaji wa Chembe Nyekundu za Damu: Historia na Istilahi Zake

Mtu apandaye Mlima Meru huianza safari yake katika lango la Momela, kwenye kimo cha mita 1,500 hivi. Kileleni, ambako ni zaidi ya mita 4,500, hewa ni nyepesi na oksijeni ni haba. Mwili unapoihisi haba hiyo, figo hutoa homoni iitwayo erithropoietini, nayo huuhimiza uboho wa mifupa uzalishe chembe nyekundu za damu kwa wingi zaidi. Homoni huongezeka katika muda wa saa chache, lakini ongezeko la chembe zenyewe huchukua siku nyingi. Mpandaji wa siku 4 hurudi Momela kabla uboho wake haujaimaliza kazi hiyo.

Kazi hiyo hufanyika ndani ya mfupa, mahali ambapo jicho halifiki. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi jinsi wataalamu walivyoweza kuichunguza nje ya mwili, na kupendekeza istilahi chache za Kiswahili, kwa sababu tunaamini kwamba jina baya katika jambo hili laweza kumdhulumu mwananchi.

Chembe nyekundu huanzia katika seli shina za uboho. Seli hizo hugawanyika mara kadhaa, hujijaza hemoglobini, kisha hukitoa nje kiini chao. Chembe changa isiyo na kiini huingia katika damu, na baada ya siku moja au mbili hukamilika. Huishi siku 120 hivi. Mtu mzima mwenye afya huzalisha takriban milioni 2 kila sekunde.

Afrika Mashariki imo katika historia hii tangu zamani. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alieleza kwa maandishi habari za chembe zilizopinda mfano wa mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba chanzo chake ni kasoro katika hemoglobini. Mwaka huo huo Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya nchi hiyo. Aliona kwamba wenye kurithi jeni moja ya selimundu walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na wachache katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba jeni hiyo moja humkinga mtu dhidi ya malaria. Arithiye mbili, kutoka kwa baba na mama, huugua. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huo duniani.

Kuieleza kasoro ni jambo moja; kuiona chembe ikiumbika ni jambo jingine. Mwaka 1971 Charlotte Friend na wenzake wa New York walitoa taarifa kwamba seli za saratani ya damu ya panya, zikitiwa kemikali fulani katika chombo, huanza kutengeneza hemoglobini. Mwaka 1975 zilitangazwa seli za K562, zilizotoka kwa mwanamke mwenye saratani ya damu. Seli hizo zilifundisha mengi, lakini hemoglobini yake ni ya kijusi na kiinitete, wala si ya mtu mzima. Mwaka 2013 wataalamu wa Japani walitangaza seli za HUDEP, zilizotokana na damu ya kitovu, na mwaka 2017 wale wa Bristol, Uingereza, walitangaza seli za BEL-A kutokana na uboho wa mtu mzima. Hizi za mwisho huweza kufikia hatua ya kukitoa kiini.

Faida yake imeonekana. Mwaka 2015, kwa kutumia seli za HUDEP, watafiti wa Boston waliibainisha sehemu ya jeni ambayo ikikatwa, chembe hurudia kutengeneza hemoglobini ya kijusi, isiyopinda. Mnamo Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya selimundu iliyojengwa juu ya ujuzi huo.

Sasa tuzitazame istilahi. Mfasiri mwenye haraka huandika "utamaduni wa seli", kana kwamba seli zina ngoma na mavazi. Kinachofanyika ni kulisha na kukuza. Basi tuseme ukuzaji wa seli. Wengine huandika "mstari wa seli". Hapa pana wazao wa mzazi mmoja wasiokoma kuzaana. Tunapendekeza nasaba ya seli. Seli zinazotumika kuuwakilisha mwili tuziite seli kielelezo, ili jina lenyewe likumbushe kwamba kielelezo si kitu chenyewe. Na kwa hatua za ukuaji, mkulima wa migomba katika miteremko ya Meru anatupa neno. Mkungu hukatwa umepevuka, ukaivia nyumbani. Kadhalika chembe hupevuka katika uboho na kukamilika katika damu. Basi tuseme upevukaji.

Jambo hili si la kupendezesha lugha tu. Mzazi wa mtoto mwenye selimundu huombwa kutoa damu au uboho kwa utafiti, naye hutia sahihi fomu iliyofasiriwa na mmoja wetu. Fomu ikisema "mstari wa seli", mzazi hujibu ndiyo bila kujua ameulizwa nini. Ikisema kwamba nasaba ya seli za mwanawe huenda ikaendelea kukuzwa kwa miaka mingi, hata nje ya nchi, ana la kuuliza, na ana haki ya kukataa. Seli za Henrietta Lacks, zilizochukuliwa Marekani mwaka 1951 bila ridhaa yake, zingali zikikuzwa hadi leo. Yeye hakupewa neno lolote, baya wala zuri.

Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa afya wazijaribu istilahi hizi kwa kuzisoma mbele ya wanaohusika, kisha watuletee maoni yao. Istilahi isiyoeleweka na mtoa damu haijakamilika, hata kama mtaalamu ameikubali.