Askari wa Mwili na Habari ya Mapema

Msomaji, hapana shaka umepata kusikia ya kwamba mwili wa binadamu una askari wake. Ni chembe nyeupe za damu, ambazo hukesha usiku na mchana zikipigana na vijidudu vya maradhi. Je, umepata kujiuliza kwa nini askari hao huishinda surua, lakini huiacha saratani ikikua mbele ya macho yao? Swali hilo limewashughulisha wataalamu kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, na jibu lake limetupa dawa pamoja na onyo.

Mwaka wa 1891, katika mji wa New York, daktari mpasuaji William Coley alimdunga mgonjwa wa saratani vijidudu hai vya maradhi ya ngozi. Alikuwa amesoma katika kumbukumbu za hospitali habari za mtu ambaye uvimbe wake ulitoweka baada ya kushikwa na maradhi hayo. Uvimbe wa mgonjwa huyu nao ulipungua; lakini miongoni mwa waliofuata walikuwamo waliouawa na vijidudu vyenyewe. Ndipo Coley akageukia vijidudu vilivyokwisha kufa. Tazama basi: tangu mwanzo, njia ile ile iliyoponya iliweza kudhuru.

Miaka mia ikapita. Mwaka wa 1992 Tasuku Honjo na wenzake huko Japani walitangaza chembechembe fulani iliyokuja kutambuliwa kuwa ni breki ya askari hao. Mwaka wa 1996 James Allison wa Marekani alionyesha katika panya ya kwamba breki nyingine ikiachiwa, askari huishambulia saratani. Dawa ya kwanza ya kuachia breki iliruhusiwa Marekani mwaka wa 2011, na mwaka wa 2018 mabwana hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Lakini gari lisilo na breki laweza kumgonga hata mwenyewe. Askari waliofunguliwa huweza kushambulia utumbo, mapafu, ini, ngozi, tezi, na mara chache moyo. Katika majaribio ya kwanza, wagonjwa wengine walianza kwa kuharisha tu. Kisha utumbo ukatoboka, na wengine wakafa. Kwa msiba huo madaktari walijifunza ya kwamba kuharisha huko si kwa chakula kibovu, na kwamba dawa za steroidi, zikitolewa mapema, mara nyingi huwatuliza askari hao.

Zijue basi dalili zenyewe: kuharisha kupita kawaida, au choo chenye damu, kikohozi kipya, macho ya manjano na mkojo mweusi, vipele vinavyoenea, maumivu makali ya kichwa, uchovu usio na sababu. Dalili hizi zataka daktari aarifiwe siku ile ile. Ama kifua kikiuma au pumzi ikiwa nzito, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Tena usidanganywe na wakati: mambo haya huweza kuzuka baada ya majuma au miezi, hata dawa ikiwa imekwisha kuachwa.

Wagonjwa wengi hunyamaza. Mmoja aogopa asije akanyimwa dawa yake. Mwingine aona haya kumsumbua daktari kwa jambo dogo. Huenda siku moja wewe ndiwe utakayemsomea babu au shangazi karatasi ya hospitali. Usimwache anyamaze. Na mkifika kwenye zahanati ya karibu, mwambieni mganga tangu mlangoni ni dawa gani aliyopewa, asije akadhani ni malaria au chakula kibovu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Coley na waliomfuata walitumia miaka mingi kutafuta namna ya kuwaamsha askari wa mwili. Kazi iliyobaki nyumbani ni ndogo, nayo ni kutoa habari mapema. Lakini kwa ajili ya kazi hiyo ndogo, mtu huweza kupona.